Nilivyoupa uchungu wangu mwanzo na mwisho

Baada ya ajali iliyomchukua kaka yangu, kuongea pekee hakukunitosha. Kwa mshauri nasaha niliweza kueleza yote kwa mpangilio, lakini kioo kikivunjika popote mikono ilitetemeka na pumzi ikakatika. Kichwa kilijua yamekwisha, mwili haukujua.

Aliyenionyesha njia ni Anna Halprin, mcheza dansi wa Marekani. Alipopatwa na saratani miaka ya 1970 alichora mwili wake, na baadaye akaucheza mchoro wake mbele ya watu, kwa hasira na vilio. Kilichonigusa zaidi ni wale waliomtazama. Nami nikamwomba rafiki yangu mmoja aje akae tu, asinifariji wala asinisifu.

Nilianza na ngoma ndogo, mapigo ya taratibu kama ya moyo uliotulia. Juu yake nikaimba midomo ikiwa imefumbwa, nikirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia. Pumzi ya namna hiyo hupunguza kasi ya moyo, na mimi ilinishikilia nisizame. Kisha nikatandaza kitambaa cheupe sakafuni na kuanza kukipiga mafundo: fundo la kioo, fundo la king'ora, fundo la mkono wake uliolegea ndani ya wangu. Hilo la mwisho lilinigomea. Vidole vilijaa jasho, kitambaa kikateleza, nikalia kilio ambacho hata msibani hakikutoka. Rafiki yangu hakusogea. Namshukuru mno kwa kutosogea.

Halafu likapigwa pigo la kufunga tulilokubaliana mapema. Nikanawa uso, taa zikawashwa, tukazungumza mambo mengine kabisa. Kwangu mimi dawa ilikuwa hapo. Wengi husifia kulia na kupiga kelele, lakini uchungu ukifunguliwa lazima na kufungwa ufungwe, la sivyo unaweza kukurudisha kulekule ajalini. Mshauri wangu alijua kila hatua. Anayepoteza fahamu ya mahali alipo kila anapokumbuka asijaribu haya peke yake.

Niliendelea hivyo kwa miezi, mafundo yakipungua. Wimbo alioupenda kaka sikuugusa kwa muda mrefu, maana muziki wenye kumbukumbu hukupeleka usikotaka. Nilipojiona niko tayari, nilimpa rafiki yangu ngoma, nikauimba beti zote, na safari hii akaitikia kiitikio kwa sauti kubwa kuliko yangu.