Si Kila Nukta Mpya Ni Supanova

Habari za supanova, yaani milipuko ya nyota, huandikwa kana kwamba kazi nzima ni kuwahi kuiona nukta mpya kwenye picha ya galaksi. Kwa kadiri ninavyozidi kufuatilia taarifa hizi, ndivyo ninavyoamini kwamba kuona ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba wanaothibitisha wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa.

Chukua tukio la tarehe 21 Januari 2014 jijini London. Steve Fossey, mwalimu wa University College London, alikuwa akiwaelekeza wanafunzi wanne kutumia darubini ndogo ya chuo, na kwa kuwa mawingu yalikuwa yakitanda, aliielekeza kwenye galaksi M82, ambayo ni angavu na haisumbui kupigwa picha. Juu ya galaksi hiyo palikuwa na nyota ambayo hakuikumbuka. Picha za zamani zilipotafutwa, nyota haikuwamo. Hata hivyo hawakukimbilia kutangaza, kwa maana kasoro ya kamera huweza kuzaa nukta ya uongo. Walichofanya ni kuwasha darubini ya pili kabla mawingu hayajafunika anga, na nukta ikaonekana palepale. Baadaye ilibainika kwamba darubini nyingine zilikuwa zimeinasa siku kadhaa kabla, bila yeyote kuitambua. Picha, kumbe, haigundui kitu mpaka apatikane wa kuitazama.

Darubini ya pili iliondoa shaka ya kamera tu. Asteroidi inayokatiza mbele ya galaksi hufanana kabisa na nyota mpya, ingawa hujifichua haraka kwa kuhama. Kinachosumbua zaidi ni nyota ya galaksi yetu wenyewe inayowaka ghafla ikiwa kwenye mstari uleule wa macho, kwa kuwa nyota hiyo haihami. Viini vya galaksi navyo huongezeka mwanga pale gesi inapoangukia shimo jeusi. Kwa sababu hizo, katika sajili rasmi ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, kitu kipya hutangulizwa herufi AT, yaani kitu cha muda ambacho aina yake haijathibitishwa, na herufi SN, yaani supanova, husubiri mwanga wake uchambuliwe.

Kuchambua mwanga ni kuutawanya katika rangi zake na kutazama ni wapi umefifia na wapi umezidi. Sehemu hizo huonekana kama mistari, na kila elementi ina yake. Mistari ya hidrojeni ikionekana, supanova ni ya aina ya II, yaani nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka. Hidrojeni ikikosekana, na pakawa na bonde la silikoni, yaani mahali ambapo silikoni imeufifisha mwanga, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 615, tunaitazama aina ya Ia, ambayo ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha, iliyolipuka. Ninachokipenda ni upana wa bonde hilo: unatokana na gesi inayotupwa kwa kasi ya takriban kilomita 10,000 kwa sekunde, na nyota geugeu za kawaida, yaani zinazobadilika mng'ao bila kulipuka, hazina nguvu ya kufanya hivyo. Kisha mistari yote hulinganishwa na kasi ambayo galaksi yenyewe inasogea kwetu au kutukimbia, ili kujua kama mlipuko umo ndani yake.

Mwanga wa nukta ya M82 ulichambuliwa kwa darubini ya mita 3.5 ya kituo cha Apache Point, New Mexico, Marekani, ikathibitika kuwa ni aina ya Ia, na ikaitwa SN 2014J. Ikiwa umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12, ilikuwa ya karibu kuliko za aina yake zilizotangulia kwa miongo kadhaa. Aina si jambo la kupuuza, kwani supanova za Ia hung'aa kwa kiwango kinachokaribiana, hivyo mng'ao unaoonekana huonyesha umbali wake, na ndio uliowawezesha wanasayansi mwaka 1998 kutambua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Ukiingiza aina nyingine kimakosa, hesabu ya umbali inakosewa.

Sasa Rubin Observatory, kituo cha kuchunguza anga cha nchini Chile, kimejengwa ili kitoe mamilioni ya taarifa za mabadiliko ya anga kila usiku, ilhali vyombo vya kuchambua mwanga havitoshi hata kwa sehemu ndogo yake. Nukta nyingi zitapangiwa aina na programu za kompyuta, kwa kutazama jinsi mng'ao unavyopanda na kushuka. Kwa hesabu za jumla sina pingamizi, mradi kila nukta ambayo mwanga wake haujachambuliwa ibaki na herufi zake za AT.