Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Stendi na Mlango wa Banda Unaojifunga Wenyewe

Saa 10:00 alfajiri ndipo siku yangu inapoanza, kwa kuwa mimi ni karani wa tiketi katika stendi ya mabasi ya Kange, na abiria wa mabasi ya mapema ya Dar es Salaam hufika na mizigo yao kabla hakujapambazuka. Ninakaa Sahare, upande wa pili wa jiji la Tanga, na nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa kienyeji na machotara wachache. Kuku hawana haja na mtu saa kumi alfajiri. Wana haja naye jua linapochomoza, ili awafungulie, na tena magharibi, ili awafungie. Nyakati hizo mbili ndizo ambazo mimi huwa dirishani nikikata tiketi. Kabla ya kuweka mlango wa banda unaojifungua na kujifunga wenyewe kwa saa, nilikuwa na njia mbili tu: kuwafungulia gizani wakati wa kutoka, hali fungo na kanu bado wanazunguka, au kuwaacha wamefungiwa mpaka hapo mtu atakapopatikana.

Saa 10:40, nikiwa tayari nimevaa sare, ninapita uani na tochi. Ukaguzi wenyewe hauchukui muda. Ndani ya kisanduku cha plastiki kilichobanwa ukutani mwa banda kuna skrini ndogo inayoonyesha saa na nguvu ya betri, na alfajiri hii inasoma volti 12.6, kiwango kizuri kwa betri ya volti 12 iliyokesha bila jua. Ikishuka chini ya 12 huwa najua kwamba paneli ya sola juu ya paa imeshika vumbi na chumvi, nami hupanda kuifuta kwa kitambaa kilicholowa. Watu hudhani kwamba mota ndiyo inayomaliza umeme, kumbe mota hufanya kazi chini ya dakika moja kwa siku nzima. Saa na skrini, vinavyokesha na kushinda vikingoja, ndivyo vinavyokula zaidi. Sikuunganisha banda na umeme wa nyumba, kwa sababu umeme ukikatika magharibi mlango ungebaki wazi usiku kucha.

Mlango wenyewe ni sahani ya alumini inayopanda na kushuka katika mifereji miwili, nao umetengenezwa na fundi wa hapa hapa mjini kwa mota ya kupandishia kioo cha gari, iliyotoka kwenye vipuri vya mitumba. Nilipoanza kutafuta niliona kwamba milango mingi ya aina hii huinuliwa kwa kamba, nami sikuipenda, kwa kuwa kamba huvuta lakini haisukumi: kicheche akiingiza pua chini ya sahani anaweza kuipandisha na kuingia, na kamba italegea tu. Fundi alitumia ufito wa chuma wenye meno unaoshikana na gia, na gia ya mota hizi ni ya mfano wa skrubu, maana yake mota inaweza kuisogeza sahani lakini sahani haiwezi kuizungusha mota. Ukifungwa umefungwa, hata bila komeo.

Ila kinachoweza kusukuma kinaweza pia kubana, na hili ndilo jambo ambalo ningemsihi kila anayetaka mlango kama huu alisimamie mwenyewe kabla ya kumlipa fundi. Kisanduku changu hupima mkondo wa umeme unaoingia kwenye mota. Sahani ikikutana na kitu, mkondo hupanda ghafla, nayo hurudi juu. Sikuridhika na maelezo. Niliweka ndizi mbivu kizingitini, nikabonyeza kitufe cha kufunga, na mara ya kwanza sahani iliiminya ndizi ikatoka kwenye ganda lake. Fundi akapunguza kiwango, tukaweka ndizi nyingine, akapunguza tena, hadi sahani ilipoigusa ndizi, ikaacha alama nyembamba kwenye ganda, ikapanda. Shingo ya kifaranga si ngumu kuliko ndizi, nami sikumwachia malipo yake hadi nilipoona alama ile.

Saa 11:15 bodaboda wangu yupo getini. Tunapita mjini, mitaa bado mitupu isipokuwa waendesha baiskeli wachache, na kufikia saa 11:45 nimeshafungua dirisha langu Kange.

Saa 12:40 asubuhi, nikiwa katikati ya foleni, mlango unafunguka Sahare. Sihitaji kuuona. Saa hiyo niliichagua kwa kulitazama jua la kwetu, ambalo halina hila nyingi: katika mwaka mzima jua la Tanga huchomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo, mwezi wa Novemba, na saa 12 na nusu hivi, mwezi wa Julai. Saa 12:40 ni mchana tayari katika mwezi wowote. Milango inayouzwa Ulaya huja na sensa ya mwanga kwa sababu watu wa huko hawana budi. London jua la Juni huzama baada ya saa 3 usiku na la Desemba kabla ya saa 10 jioni, na hakuna ratiba moja inayoweza kufaa misimu yote miwili. Sisi tulio nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta tunaweza kutegemea saa peke yake. Mimi sensa niliikataa kabisa, kwani taa ya ulinzi ya nyumba ya jirani inamulika moja kwa moja kwenye banda, na sensa ingeamini kwamba magharibi haijafika; tena mawingu mazito ya masika yanaweza kuifanya iamini kinyume chake.

Sababu ya pili ya kutofungua mapema zaidi ni mayai. Mitetea wengi hutaga asubuhi, na wale wanaotaga mapema nikiwazuia ndani kidogo hutaga viotani badala ya kuficha mayai kwenye vichaka vya jirani, ambako kenge huyapata kabla yangu.

Saa 1:30 bibi jirani ananipigia simu. Yeye ndiye macho yangu mchana, na malipo yake ni mayai kila Ijumaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wako umeshaamka, na watoto wako wote wako nje wananichimbulia mchicha. Koo yule mwenye vifaranga nimemweka chini ya tenga, maana kunguru wameshakaa juu ya mnazi."

Kunguru hao ni wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na sasa pwani yote ni yao. Hutokea mchana kweupe, saa ambazo mlango wangu uko wazi kwa amri yangu mwenyewe, kama wanavyotokea mwewe na nguchiro. Hakuna kifaa kitakachomfunika koo kwa tenga anapokuwa na vifaranga wa siku chache. Bila bibi yule, banda langu lingekuwa salama usiku na lingeliwa mchana.

Kuanzia saa 3 hadi saa 7 ni kazi tu: tiketi, chenji, mzigo uliozidi, abiria wa Lushoto aliyesimama kwenye foleni ya Arusha.

Saa 7:30, tunapokula wali na samaki nyuma ya ofisi, dereva mmoja anayejenga Pongwe ananiuliza kama amnunulie mkewe mlango kama wangu. Ninamwuliza kwanza madirisha ya banda lake yakoje. Ananijibu kwamba ni la mabati, halina dirisha, kwa ajili ya wezi. Basi asinunue mlango bado. Huu ni mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, na joto la usiku katika banda la mabati lililofungwa sawasawa, pamoja na hewa kali inayotoka kwenye vinyesi, litawaua kuku aliokusudia kuwalinda. Banda langu lina wavu wa chuma pande mbili, juu ya usawa wa fito wanazolalia, ili upepo upite uwe wa kaskazi au wa kusi. Kuhusu wezi nilimwambia ukweli pia: mlango huu ni wa wanyama. Mwizi wa kuku haingii kwenye tundu la kuku. Huvunja mlango mkubwa au hufunua bati, na dawa yake ni kufuli, mbwa na majirani wasiolala mapema.

Akauliza kuhusu siafu. Swali zuri, na wauzaji hawaligusi. Siafu wakivamia banda usiku wa mvua, mlango uliofungwa vizuri ndio unaowazuia kuku kukimbia, na wale wadudu hupita popote penye upenyo wa unyasi. Kwa hiyo banda langu limesimama juu ya miguu minne, na kila mguu uko ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari. Kingazi wanachopandia kuku hakigusi ardhi bali kimening'inizwa, kikabakiza nafasi ambayo kuku huiruka bila tabu. Masika yakifika mikebe hujaa maji na oili humwagika, hivyo miezi hiyo naikagua kila baada ya mvua.

Saa 10 jioni fundi anapita stendi kuniletea swichi mpya ya kikomo, ile inayoguswa na sahani inapofika mwisho ili mota isimame.

"Dada, hii ya sasa imefunikwa kwa mpira," ananiambia, akinionyesha ile ya zamani kwenye simu yake, miguu yake ya shaba imegeuka kijani. "Hewa ya kwenu Sahare inakula kila kitu."

Ndivyo ilivyo. Mota haijawahi kunisumbua. Ni chumvi ya bahari inayoingia kwenye viungio vidogo vya umeme. Swichi ya juu ikishindwa, mota huendelea kusukuma sahani iliyokwisha kufika, na kinachookoa gia ni fyuzi. Mtu wa Korogwe au Muheza pengine atakaa miaka bila kulijua tatizo hili, lakini anayeishi karibu na bahari na anunue swichi zilizozibwa tangu mwanzo, apake grisi kila kiungio.

Saa 12:50 jioni mlango unafungwa, nami bado ninangoja mabasi yatokayo Dar es Salaam. Kinachowezesha mpango wote huu ni kwamba kuku huona vibaya katika mwanga hafifu na hurudi wenyewe kwenye fito kabla giza halijaingia. Kifaa hakimwingizi kuku. Kinafunga nyuma ya kuku aliyekwisha kuingia. Wageni ninaowanunua hawajui hapo ni nyumbani, hivyo huwafungia ndani siku kadhaa, wakala na kunywa humo humo, ndipo nikawaachia.

Saa 2:15 usiku nimefika nyumbani. Kabla ya kuvua viatu ninakwenda kuhesabu, kwa sababu mlango uliofungwa unaweza kunidanganya kwamba wote wamo. Ninamulika kupitia wavu: mitetea wamebanana kama kawaida yao, jogoo yuko pembeni, tembe wawili wako chini ya dirisha. Pora mmoja hayupo. Ninazunguka na tochi hadi kwenye mlimao, na huko yupo, tawi la pili, amejikunyata, haoni wala habishi ninapomshika miguu na kumpitisha kwenye mlango mkubwa.

Kila Januari huwa hivyo, na mara nyingi mapora ndio wanaoachwa, kwa kuwa hukawia nje wakikimbizana. Mwezi huu jua linazama saa 12:40 hivi, na litazidi kuchelewa hadi karibu saa 12:50 mwezi wa Februari, ilhali mwishoni mwa Oktoba lilizama kwenye saa 12 na robo. Kwa miezi mingi saa 12:50 inafaa sana. Kwa miezi hii mitatu inambana kuku. Wapo wanaopanga mlango ufungwe, ufunguke tena baada ya robo saa kwa ajili ya waliochelewa, kisha ufungwe moja kwa moja. Sioni faida yake: kuku aliyekwisha kupanda mti gizani hashuki kwa kusikia mota, na kanu husikia vilevile.

Ninafunga swichi mpya, ninachokonoa mchanga na kinyesi kwenye mfereji wa chini kwa mswaki wa zamani, maana punje chache za mawe huweza kuifanya sahani idhani imemgusa kuku, kisha ninabadilisha ratiba. Kifaa kinafuata saa za Kizungu za ishirini na nne, hivyo ninaandika 19:10, na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko ninaandika saa 1:10 usiku, ili bibi asipate shida akihitaji kuangalia.

Bibi mwenyewe amesikia mota ikijaribiwa, ametokea ukutani. Ninamweleza kwamba kuanzia kesho mlango utachelewa dakika 20 na asishtuke akiuona wazi baada ya magharibi. Anasikiliza, kisha anauliza kama fundi wangu anaweza kumtengenezea mmoja kwa ajili ya bata wake. Ninamwambia kwamba mlango ataupata, lakini bata wake hulala popote giza linapowakutia, na hakuna mota itakayokwenda kuwatoa kwenye dimbwi.

"Basi huo ni wa kuku," anasema. "Mimi nitabaki na fimbo yangu."