Kijapani kwa mizani za Kiswahili: mwaka wangu wa kwanza Kobe

Nilifika Kobe Septemba 2022 kusoma shahada ya uzamili, na masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Walionitangulia waliniambia Kijapani si lazima. Darasani ni kweli. Nje ya darasa nilishindwa hata kumwambia keshia kwamba sihitaji mfuko. Tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki madukani inalipiwa, kwa hiyo kaunta unakutana na "Fukuro wa irimasu ka?", yaani unahitaji mfuko? Hujajibu, anakuuliza kama chakula kipashwe moto, halafu kama una kadi ya pointi. Miezi miwili nilikuwa nikitikisa kichwa tu, na iliniuma. Kwetu Tanga hununui hata maandazi bila kujuliana hali na muuzaji.

Kosa langu lilikuwa kupitia Kiingereza. Programu niliyopakua kwenye simu ilieleza kila sauti kwa kuilinganisha na neno la Kiingereza, nami nikawa navuka mito miwili kufika ng'ambo moja. Kumbe irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Sakana ni samaki, tamago ni yai. Aliyejua a-e-i-o-u za darasa la kwanza anazisoma maneno hayo bila kufundishwa. (Nani ni "nini". Hilo lilinichanganya wiki nzima.) Baadaye nikapata masomo ya sauti ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ambao wana idhaa ya Kiswahili, na hapo programu ile nikaifuta.

Lakini mdomo wangu ulifunguka hasa kwenye darasa la jioni katika kituo cha jamii. Miji mingi ya Japani ina madarasa ya namna hii, yanayoendeshwa na wakazi wanaojitolea, mengine bure, mengine kwa mchango mdogo. Nilipangiwa mwalimu mmoja, mama mstaafu mpole. Siku moja nikawa namsimulia habari za mama anayekaa chini yetu, nikamwita obaasan. Mwalimu akanisimamisha. Obasan ni mama mtu mzima, au shangazi. Obaasan ni bibi. Akaanza kupiga makofi: o-ba-sa-n, manne. O-ba-a-sa-n, matano. Kila kofi lina urefu uleule.

Nilimtazama mikono na moyo ukaruka, maana kitu hiki nilikijua. Babu yangu alikuwa mtu wa mashairi, na nilipokuwa mdogo alinifundisha kuhesabu mizani kwa vidole. Mtoto ni mizani tatu, m-to-to. Nchi ni mbili, n-chi. Kijapani nacho kinaihesabu n inayosimama peke yake kuwa pigo kamili: ni-ho-n, yaani Japani, matatu. Na irabu ndefu si mzaha kwetu pia. Kufa na kufaa havikaribiani, wala kata na kataa. Kwa hiyo biru ni jengo, biiru ni bia. Tangu jioni ile kila neno jipya nililihesabu kwa vidole kama mshororo kabla ya kulitamka.

Pasipo na msaada kwetu ni konsonanti inayoshikwa. Kite ni "njoo", kitte ni stempu: ki-t-te, katikati unaizuia pumzi kwa pigo zima. Hili nililifanyia mazoezi nikienda stesheni kwa miguu, hatua moja kwa pigo moja. Mkazo wetu pia unaponza, kwa sababu tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wao wanapandisha na kushusha sauti. Hashi ni daraja na pia ni vijiti vya kulia, tofauti ni sauti inapandia wapi. Tena Tokyo wanapandisha kinyume na huku Kobe! Mwalimu alinishauri nisihangaike nalo kwa sasa, watu wataelewa kutokana na mazungumzo, nami nimemtii.

Wageni wengi hukata tamaa kwenye kuhesabu. Tiketi, karatasi na fulana zina namna yake: ichimai, nimai, yaani moja, mbili. Chupa na miavuli ina yake, nayo inabadilika sauti: ippon, nihon, sanbon, moja hadi tatu. Watu ni hitori, futari. Nilipoambiwa hivyo nilisema kimoyomoyo, ni ngeli hizi. Anayesema kiti kimoja, mti mmoja na jino moja tayari amekubali kwamba idadi huvaa nguo ya kitu kinachohesabiwa. Kukariri bado ni kazi, lakini sikushangaa.

Ninachokipenda zaidi ni maneno ya kuishi na watu. Kazini wanaagana kwa "otsukaresama desu", na nilihangaika na tafsiri za Kiingereza hadi nilipoiona ilivyo: pole na kazi. Ukiingia nyumbani kwa mtu unasema "ojama shimasu", kama hodi, ila ndani yake unakiri kwamba unasumbua. Haya niliyapata kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha lugha yetu, na Jumamosi tulikuwa tunakutana Sannomiya, katikati ya Kobe, nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijapani, Kiingereza marufuku. Ni yeye aliyenigundua kasoro kubwa: nikisikiliza nanyamaza kimya. Alidhani sielewi. Mjapani akisikiliza anaitikia, hai, un, sou desu ne, kama sisi tunavyosema ehee, naam. Nilipoanza kuitikia, watu wakaacha kukatiza maneno yao.

Na kama nina sentensi moja ya kumpa anayeanza, ni hii: "Yasashii nihongo de onegai shimasu", naomba Kijapani chepesi. Wazo hilo lilitokana na tetemeko lililoipiga Kobe na jirani zake tarehe 17 Januari 1995, wageni waliposhindwa kuelewa matangazo. Badala ya "takadai ni hinan" unasema "takai tokoro ni nigete", kimbilieni mahali palipoinuka. Nimeiomba mara nyingi, posta, kwa daktari, hata kwa fundi baiskeli, na wengi wakapunguza mwendo.

Majuzi usiku nilishuka na mfuko wa takataka, nikamkuta yule mama wa chini. Akaniambia kwa Kijapani cha huku, "Moeru gomi wa asatte ya de." Za kuchoma ni keshokutwa. Nikaitikia, nikashukuru, nikageuka na mfuko wangu. Akaniuliza kwetu tunazitupaje. Nilianza vizuri, nikafika kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba na jirani anayechoma majani jioni, maneno yakaniishia. Nimeyaandika kwenye daftari, Alhamisi namuuliza mwalimu.