Siku moja maishani mwangu: dodoso, benchi na mbalamwezi

Saa 11 alfajiri

Nikifungua mlango wa chumba changu hapa Kitangiri, Mwanza, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwezi. Leo uko pale ninapoutaka: mviringo kamili, unashukia upande wa ziwa. Maana yake wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji ili wajikusanye. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu. Mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanafua, wanakunywa kidogo. Kwa siku hizi chache nitawapata.

Mimi ni mtafiti msaidizi katika mradi wa afya ya akili unaofanyika ndani ya vituo vya afya vya serikali. Tunataka kujua kama muuguzi wa kawaida, yule yule anayepima presha na kuchoma chanjo, anaweza kuitambua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kuanza kumsaidia mtu mapema, bila kusubiri mpaka apewe rufaa.

Niseme na hili, maana huwa naulizwa: mimi mwenyewe natumia dawa. Mwaka 2016, wiki mbili baada ya kujifungua, nilipelekwa hospitali mikono imefungwa kwa kanga. Mradi ulipotangaza kwamba unataka kwenye timu yake watu waliowahi kuugua, nilidhani ni matapeli. Nilienda kwa sababu walisema wanarudisha nauli.

Saa 1 na nusu asubuhi

Kituoni. Inabidi niwaeleze habari ya benchi.

Watu wetu walikuwa wanakalishwa kwenye benchi moja mkabala na lango, chini ya kibao kilichoandikwa AFYA YA AKILI kwa herufi nyekundu unazoweza kuzisoma ukiwa ndani ya bajaji. Kwa miezi tukawa tunajiuliza kwa nini watu wanakubali kushiriki kisha hawaji. Timu nzima, na shahada zake, ikawa inajadili nauli. Nikawaambia mimi pale nisingekaa hata kwa kulipwa. Muuza nyanya mwenzako akikuona hapo asubuhi, ikifika saa 6 soko zima linajua umechanganyikiwa. Siku hizi washiriki wanasubiri chini ya mwembe, upande wa kliniki ya watoto, ambako hakuna anayemuuliza mtu amefuata nini. Kibao bado kipo. Kukiondoa kunahitaji barua, na barua iko kwenye meza ya mtu.

"Dada, watu wako wamefika," ananiambia muuguzi wa zamu. Zamani alikuwa anasema "vichaa wako". Semina tulimpa, akasinzia. Alikuja kubadilika siku nilipomwambia kwamba na mimi ni mmoja wao, na chapati za jana tumekula sahani moja.

Saa 3 asubuhi

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, mwanangu."

Tumeshasalimiana Kisukuma. Bibi huyu amekuja kwa presha. (Kila mtu ninayemsimulia hapa nimembadilisha kidogo, msijisumbue kumtafuta.) Fomu ya ridhaa ina kurasa nne na yeye hajui kusoma, kwa hiyo naisoma yote kwa sauti mbele ya shahidi asiye wa mradi, leo ni mama mmoja aliyeleta mtoto chanjo. Bibi anaambiwa aweke dole gumba. Analisimamisha hewani.

"Nikikataa, dawa yangu ya presha nitapewa?"

Utapewa, bibi. Ananiuliza tena, namjibu tena. Ananiuliza mara ya tatu, safari hii akimtazama shahidi, ndipo anaweka dole. Siku hizi mtu akiweka dole haraka haraka ndiyo napata wasiwasi. Huenda anaamini ameshikwa, kwamba asipokubali atarudi nyumbani mikono mitupu.

Dodoso tunalotumia kupima sonona linaitwa PHQ-9. Lilichapishwa Marekani mwaka 2001: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, juu kabisa 27, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Swali la saba linauliza kama unapata shida kutuliza akili kwenye mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni.

"Gazeti?" anasema bibi. "Gazeti tunafungia vitumbua."

Siwezi kubadilisha maneno nitakavyo. Kila muulizaji akiweka yake, alama za bibi huyu hazitalinganishika na za mtu mwingine. Ninachoruhusiwa ni kurudia swali lilivyo, kisha kuongeza "au kazi nyingine inayotaka utulie". Anafikiri kidogo.

"Kuchambua mchele?"

Ndiyo, bibi.

"Siku hizi mawe tunayakuta mdomoni. Mjukuu ananigombeza."

Namsomea majibu manne, anachagua "zaidi ya nusu ya siku hizo". Alama 2. Mawe ya bibi yamekuwa alama 2. Wazo la mchele nimeliandika pembeni, labda wenye tafsiri yao watalisoma.

Saa 5 asubuhi

Bodaboda hadi Igombe, nyuma ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama anayemjua kila mtu pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, na kila deni lake. Ninayemfuata ni kijana ambaye kwenye orodha yangu ameandikwa "amepotea kwenye ufuatiliaji". Neno hilo linaniudhi. Tulimpigia mara tatu, hakupatikana, basi kapotea. Kumbe alikuwa upande wa Ukerewe akifuata dagaa, yuko kazini kama mimi nilivyokuwa kazini.

Tunamkuta ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, sindano ya nyavu mkononi. Inaingia, inatoka, fundo. Inaingia, inatoka, fundo. Anakubali tuongee ila haachi kushona.

Nafika kwenye swali la usingizi. Anacheka. "Dada, mimi mvuvi wa dagaa. Usiku silali, nalala mchana."

Namkumbusha kwamba nauliza kuhusu wiki mbili zilizopita.

"Zipi? Za giza au za mwezi?"

Nimefanya kazi hii mwaka wa tatu na sikuwahi kuulizwa hivyo. Kwenye giza anaingia majini jioni na kutoka asubuhi, anakula mara moja, anavua kulipa alichokopa kwa tajiri mwenye mtumbwi. Mwezi ukikomaa analala nyumbani, ila mfukoni hana kitu. Wiki mbili za dodoso kwake zimekatwa katikati: nusu mtu mmoja, nusu mwingine. Namwambia azichukue zote kwa pamoja.

"Kwa hiyo usiku hulali kwa sababu ya kazi tu?" namuuliza.

"Kazi, ndiyo."

"Basi niandike hapana kabisa?"

"Andika."

Naandika 0, nikijiona hodari, kwamba nimeielewa kazi ya mtu badala ya kumgeuza mgonjwa.

Swali la tisa ni la mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mama mhudumu analijua dodoso kwa moyo, na hapo huwa anakumbuka kwenda kununua maji. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na watu wanalijua hilo hata kama kifungu hawakijui. Unamuuliza mtu umeshika kishikwambi cha mradi, na shati lina nembo. Utajibiwaje?

"Hapana kabisa," anasema upesi.

Sindano ilikuwa imesimama. Kishikwambi hakina sehemu ya kuandika hilo. Nikampa kikaratasi chenye namba ya simu ya mradi kama ninavyowapa wote, nikarudia mara mbili kwamba simu hiyo ninakaa nayo mimi.

Saa 8 mchana

Ugali, dagaa wa kukaanga, pilipili. Bodaboda ananidai mia tano ya kunisubiri, na ana haki.

Saa 10 jioni

Kikao cha timu. Nimeleta ombi: ratiba za wavuvi zipangwe kwa kufuata mwezi, tuache kuwaita wamepotea. Nilijiandaa kwa vita, lakini msimamizi akakubali kabla sijamaliza. Mtakwimu ndiye aliyebaki anapiga hesabu pembeni ya karatasi.

"Ufuatiliaji wetu ni siku ya 90," akasema. "Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku kama 29 na nusu. Mara tatu, 88 na nusu. Ukimwandikisha wakati wa mbalamwezi, siku ya 90 utamkuta tena kwenye mbalamwezi."

"Si ndiyo vizuri? Tutampata."

"Utampata siku zake za mapumziko tu. Miaka yote."

Kimya. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Tukipanga kwa urahisi wetu, wavuvi wataingia kwenye utafiti, ila giza lao litabaki nje. Na mimi giza la mtu siwezi kulifuata majini usiku na kishikwambi. Akapendekeza tuwapigie simu baadhi yao katikati ya giza, mchana, wakishaamka. Bajeti ya vocha haipo. Tutaiandikia barua, nayo itakaa karibu na ile ya kibao.

Saa 4 usiku

Mtoto amelala. Nimeshameza kidonge changu na nasubiri kinichukue. Nje ni kweupe, mawe ya mlimani yanaonekana moja moja. Simu ya mradi inaita.

"Dada, samahani, ni mimi wa Igombe."

Nakaa kitako.

"Lile la usingizi. Uliandika nini?"

"Niliandika ulivyoniambia. Kwamba ni kazi."

"Andika tena." Anapumua. "Leo kazi hakuna, na sijalala. Jana pia. Hata juzi."

Kidonge kinanivuta upande mmoja, yeye upande mwingine. Namuuliza yuko na nani. Kaka yake yuko chumba cha pili. Namuuliza tena swali la tisa, safari hii bila nembo wala kishikwambi, kwa maneno ya mtaani, na ananijibu. Alichojibu hakiandikwi hapa. Namwomba amwamshe kaka yake nimsikie, namsikia, tunaongea watatu mpaka saa 5 na robo, na kaka anasema hatamwacha peke yake, alfajiri watapanda gari la kwanza. Nampigia mganga wa zamu na msimamizi wangu, kama utaratibu unavyotaka.

Kaka anauliza wakifika wakae wapi. Nawaambia wasikae kwenye benchi la langoni. Wapite moja kwa moja hadi kwenye mwembe, upande wa watoto. Nitakuwa pale kuanzia saa 1.