PostgreSQL kwenye kompyuta ya sebuleni

Daftari la hisa na mikopo ya kikoba chetu hapa Morogoro ninalitunza mimi. Excel ilitufaa hadi mtu mmoja alipoanza kuonekana mara tatu: Mama Neema, Mama Neema wa Kihonda, na jina lake la kwenye kitambulisho. Deni moja, watu watatu.

Ndipo nikaweka PostgreSQL kwenye kompyuta ya mezani ambayo watoto huitumia kuangalia katuni. Ni programu ya bure ya kutunza data kwenye majedwali yanayohusiana. Faili lake la kusakinishia kwenye Windows ni zito, kwa hiyo nililipakua kwingine kwa bando la usiku nikaja nalo kwenye flashi. Usakinishaji wenyewe hautaki intaneti. Mwishoni inakuja Stack Builder, ya kuongezea vikorombwezo. Hiyo ndiyo inayotaka mtandao, toa tiki uendelee na maisha yako. Kabla ya hapo utaulizwa folda, poti, yaani namba ya mlango wa kuifikia programu (iache 5432), na nywila ya mtumiaji mkuu, postgres. Nywila iandike mahali, maana hakuna kitufe cha "nimesahau".

Kama kompyuta ni moja tu, fungua faili la postgresql.conf, kwenye listen_addresses weka 'localhost', yaani kompyuta hii hii tu, kisha uwashe huduma upya. Mashine nyingine haina sababu ya kubisha hodi hapo. Mimi pia niliingia kwenye huduma za Windows nikaiweka Manual, isijiwashe yenyewe siku za katuni.

Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya umeme, nasi umeme tunaujua. PostgreSQL huandika kwanza kila badiliko kwenye faili za kumbukumbu ziitwazo WAL, na hadi maandishi hayo yafike kwenye diski haikwambii kwamba muamala umekamilika. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena inaisoma WAL na kujirekebisha yenyewe. Muamala ambao haukukamilika unahesabika haukuwepo. Wapo wanaoshauri uzime fsync, mpangilio unaoilazimisha isubiri maandishi yafike kwenye diski, ili mambo yaende mbio. Kikoba kinachokutana Jumamosi kina haraka gani? Iache.

Mama Neema sasa ana namba moja kwenye jedwali la wanachama. Rejesho lazima litaje namba ya mkopo uliopo, na mkopo lazima utaje mwanachama aliyepo. Ukiingiza namba ya kubuni, inagoma papo hapo. Safu za fedha nimezipa aina ya numeric, si float, kwa sababu float hukadiria na sehemu za riba hazipendi makadirio.

Baada ya kikao naendesha pg_dump, amri ya kutoa nakala ya data yote, nakala inaingia kwenye flashi, na flashi anakaa nayo mwenyekiti. WAL haitakusaidia chochote diski ikifa au kompyuta ikibebwa na wezi.

Yamebaki madaftari ya miaka ya nyuma, ya mkono. Katibu ameshaniambia mapema kwamba yeye macho yanamuuma.