Miezi Minne na Panya wa Darini

Tulihamia nyumba hii ya kupanga hapa Morogoro mwanzoni mwa 2023. Haikupita wiki ya tatu nikaanza kusikia mbio darini. Saa nne usiku, taa zikishazimwa, zilianzia juu ya jiko, zikapita chumba cha watoto, zikaishia juu ya stoo tulimoweka magunia mawili ya mahindi aliyotupa mama mkwe. Nikajituliza kwamba ni mijusi.

Kisha asubuhi moja mwanangu wa mwisho akaamka kidole cha mguu kina damu, wala hakumbuki kuumwa. Tangu utotoni nimesikia kwamba panya huuma huku akipuliza. Safari hii aliyepulizwa alikuwa mwanangu wa miaka minne. Nikamkimbiza zahanati, kidonda kikasafishwa, akapewa dawa. Njiani nilikuwa natetemeka. Mwaka uliotangulia, Julai 2022, ilitangazwa homa ya mgunda kule Ruangwa, Lindi, na watu watatu walifariki. Ugonjwa ule husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na mimi nilikuwa napembua mahindi ya stoo kwa mikono mitupu.

Siku hiyohiyo nikanunua sumu kwa kijana anayepita mtaani na spika, "dawa ya panya, mende, kunguni!" Vipakiti vitatu visivyo na maandishi. Nikachanganya na dagaa, nikapandisha darini. Siku ya tano mbio zikapungua. Siku ya saba harufu ikaanza, na tukalala nayo zaidi ya wiki, hadi fundi alipofungua dari na kutoa mizoga miwili.

Lililoniumiza zaidi ni paka wa jirani, aliyekutwa amekufa nyuma ya chemba yetu. Hakuna aliyempima, lakini paka akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa, na mwenye sumu mtaani nilikuwa mimi. Nikaenda kwa jirani nikamweleza nilichoweka. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Ungeniambia, dada, ningemfungia ndani." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sinunui tena sumu isiyo na jina la dawa kwenye pakiti. Mtoto akiila, daktari ataanzia wapi?

Haukuisha mwezi, mbio zikarudi. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, kwa hiyo ukibakiza wachache umewabakiza wote. Gundi niliijaribu mara moja. Panya alilia usiku kucha watoto wakisikia, sikurudia.

Aliyetuokoa ni yule yule fundi aliyetoa mizoga, mzee wa makamo ya baba yangu. Nilipomwamkia aliitika, akasikiliza, akaniuliza, "Mwanangu, unapigana na waliomo. Wanaoingia umewazuiaje?" Akarudi jioni. Giza lilipoingia akanitaka niwashe taa zote, hata akapandisha balbu darini, nifunge milango na madirisha, halafu tutoke nje tuizunguke nyumba. Sitasahau nilichokiona. Nyumba ilikuwa inavuja mwanga. Kati ya ukuta na bati palikuwa na mstari mzima unaong'aa. Bomba la sinki lilitokea kwenye tundu lililolizidi mara mbili. Chini ya mlango wa jikoni vilipita vidole viwili. Tulihesabu matundu kumi na moja, na tawi la mwembe lilikuwa limelalia bati.

Kesho yake tawi likakatwa. Matundu yalijazwa stili waya ile ya kusugulia sufuria, juu yake saruji, kwa sababu saruji mbichi peke yake panya huifukua. Chini ya mlango akapigilia ukanda wa bati. Uwazi wa juu akauziba kwa nyavu za chuma zenye matundu madogo, hewa ipite. Mwenye nyumba alikubali tukate gharama kwenye kodi.

Waliobaki ndani niliwatega. Usiku wa kwanza mitego sita, hakunaswa hata mmoja. Fundi akanieleza kwamba panya wa darini huogopa kitu kigeni njiani mwake. Basi nikaiacha bila kuitega usiku tatu mfululizo, kila mmoja na dagaa wake, imeegeshwa ukutani, penye weusi wa mafuta ambao miili yao huacha inapopita. Usiku wa nne nikafunga dagaa kwa uzi, nikaitega yote. Alfajiri, wanne. Ndani ya wiki mbili wakafika tisa.

Mahindi nayo nikayatoa kwenye magunia nikayatia kwenye mapipa ya plastiki magumu yenye mfuniko wa kubana. Mji huu huu, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Nikiwaza pua ya namna hiyo, nilijilaumu kwa kudhani gunia lililofungwa kwa kamba linaficha chochote.

Kinyesi sikukifagia kikavu, vumbi lake si la kuvuta. Nilivaa glavu na barakoa, nikanyunyizia maji yenye klorini, nikasubiri dakika kumi, nikafuta kwa tambara na kulitupa.

Kila Jumamosi usiku bado nanyunyiza unga kidogo sakafuni, mlangoni mwa stoo na chini ya sinki. Mwezi wa tano niliona nyayo ndogo karibu na bomba, nikakuta saruji imepasuka, nikaiziba upya siku hiyohiyo. Tangu hapo naukuta unga kama nilivyouacha, labda na mstari wa mkia wa mjusi. Jirani amepata paka mwingine, na mchana hulala kwenye kibaraza chetu.