Namba za Mjomba

Presha ya macho ilimnyang'anya mjomba vitu kimoja kimoja. Ilianza na magazeti, ikaja nyuso za watu barazani, na kufikia 2019 ikamnyang'anya redio. Yaesu FT-857D ni redio ndogo ya mawasiliano, na kioo chake ni kidogo zaidi. Kifundo cha masafa alikizungusha bila taabu, ila hakuweza kujua amefika wapi. Naye alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hakuwa mtu wa kurusha mawimbi mahali asipoona. Akaizima, mkazamjomba akaifunika kitambaa.

Agosti ile nilifika kwake Chumbageni, Tanga, na laptop yenye mfumo wa Linux na waya wa USB ulioishia plagi ya mviringo ya pini nane. Nilitaka kompyuta iisome redio, kisha iandike namba kubwa zinazojaa skrini nzima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kabla hujachomeka chochote, lete mita."

Alikuwa afisa redio wa meli tangu enzi za Morse, lugha ya milio mifupi na mirefu, ambayo meli ziliachana nayo rasmi Februari 1999, na uangalifu wa melini haukumtoka. Alikuwa na haki. Tundu la nyuma la redio ile linatumia volti 5, ilhali bandari za kale za kompyuta hutoa hata volti 12, na hizo zinaweza kuiunguza. Nikapima waya, nikamsomea: karibu volti 5. Akatikisa kichwa kukubali.

Nilidhani yaliyobaki ni ya nusu saa. Nikajiongeza kwenye kundi la dialout ili Linux iniruhusu kuigusa bandari, nikaweka kasi 4800 na biti mbili za kufungia, kama redio hizo zinavyotaka. Kuiuliza masafa unatuma baiti tano: nne za sifuri, ya mwisho 03. Nikatuma. Kimya. Nikapandisha kasi hadi 9600, kisha 38400. Kimya kile kile. Adhana ya alasiri ikapita, chai ikapoa, nikafungua plagi na kufuata nyaya moja moja. Zote zilikuwa nzima.

Mjomba alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza vidole vyangu.

"Lile tundu," akasema, "zamani nilikuwa nachomeka kile kisanduku cha kupatanisha antena."

Nikaacha bisibisi. Tundu lile ni moja kwa kazi tatu: kompyuta, kikuza nguvu na kisanduku cha antena; menyu namba 20 ndiyo inayochagua. Nikaifungua. Iliandika TUNER, bila shaka tangu miaka ile ya kisanduku. Nikageuza ikawa CAT, yaani kompyuta, nikazima redio, nikawasha, nikarudisha 4800, nikatuma tena.

01 40 25 00 02.

Nilizisoma kwa sauti kabla sijazifasiri. Sikuhitaji kumaliza.

"Kumi na nne nukta sifuri mbili tano, Morse," mjomba akasema. "Hapo ndipo nilipoiacha kabla ya Ramadhani."

Nikanyamaza kidogo. Redio ilikuwa imeikumbuka sehemu aliyoiachia, naye alikuwa ameikumbuka vilevile, kila mmoja upande wake wa kitambaa.

Programu ya namba kubwa niliiandika jioni ile: njano juu ya nyeusi, maana rangi hizo ndizo jicho lake la kushoto lilizipokea. Nikaongeza espeak, programu ya kusoma kwa sauti ambayo inasema Kiswahili, ili akibonyeza kitufe cha nafasi asomewe tarakimu. Matamshi yake hayakumridhisha hata kidogo. "Huyu hajafika Tanga," akasema, lakini akabonyeza tena, na tena, akipanda na kushuka masafa kwa mishale ya kibodi, uso ameusogeza hadi karibu kugusa skrini.

Baada ya isha akaomba ufunguo wake wa Morse. Mkono ulitetemeka kwenye alama za mwanzo, 5H ya Tanzania, kisha ukatulia. Akaita mara tatu. Mara ya nne akajibiwa kutoka Italia, taratibu, na mtu aliyemsubiri amalize.

"Niandikie," akaniambia bila kuinua mkono.

Nikafungua daftari lake la mawasiliano. Chini ya mwandiko wake wa mwisho, uliopinda nje ya mistari, nikaandika kwa wangu: 17:42 UTC, saa ya dunia, 14.025.